Mlio wa Shemeji

Mpwa wangu aliisukuma pikipiki mpaka kwenye karakana yangu Jumapili asubuhi, jasho likimtoka, na kabla hajafungua kinywa nilishaona alichokifanya. Bomba la moshi lilikuwa jipya, fupi, linang'aa kama sufuria isiyowahi kuona moto. Ubavuni, palipokuwa na boksi jeusi la chujio la hewa, boksi halikuwepo. Badala yake kila kabureta ilikuwa imevalishwa chujio lake la wazi, yamekaa mawili pamoja kama vichwa vya uyoga.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Imekufia wapi?"

"Kwenye kilima cha sokoni. Tambarare inakwenda, kilimani inakata tamaa. Nikiachia mafuta inapiga risasi."

Tunamwita Kibiriti tangu alipokuwa mdogo, kwa sababu huwaka upesi na huzima upesi. Siku hizi ni fundi wa kuweka vigae vya sakafu, na mikono yake ina saruji kwenye kucha hata siku za mapumziko. Pikipiki ile ndiyo humpeleka kazini. Ilikuwa ya baba yake, yaani shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye alitutoka mwaka jana.

Mimi huwa siulizi kwa nini mapema. Niliiwasha kwanza. Iliwaka kwa shida, ikaunguruma juu juu, na nilipovuta mafuta na kuachia, bomba likatoa mishindo mfululizo. Jirani yangu, mchomelea vyuma, akachungulia juu ya ukuta akiwa na kofia yake ya chuma kichwani.

"Fundi, mmeanza vita bila kutuaga?"

"Bado tunapima silaha," nikamjibu.

Nikazima. Nikamwambia Kibiriti, "Umeipanua pua, umeipanua na huko nyuma, lakini chakula unaipa kilekile."

"Mjomba, sema vizuri."

"Ndiyo nimesema vizuri. Hewa inaingia nyingi, moshi unatoka kwa raha, mafuta hayajaongezeka. Ina njaa." Nikafungua plagi moja nikamwekea kiganjani. "Hii inatakiwa iwe na rangi ya biskuti. Unaona rangi gani?"

"Chokaa."

"Haya. Ukiendelea hivi kwa wiki chache utatoboa pistoni. Lete lile boksi la zamani na bomba la zamani, nikufungie, mchana uko nyumbani."

"Hapana."

"Umevitupa?"

"Sijavitupa. Hapana tu, Mjomba."

Nikaanza kufungua tangi. Mtu akiwa na neno, mpe muda na umpe kitu cha kushika. Nilimpa koleo akashikilia nyaya za chini ya tangi, nikaendelea na spana yangu, na baada ya muda akasema, bila kuniangalia:

"Mama anasimama."

"Anasimama vipi?"

"Nikirudi. Nikikunja tu kona ya kwa mshona viatu, mguu wake unaachia cherehani. Anasimama, anaweka nguo vizuri, anakuja uani kufungua geti. Halafu anakumbuka. Akishakumbuka anajifanya alikuwa anafuata kitu. Juzi aliokota kipande cha uzi. Siku nyingine akachukua ufagio akafagia mahali ambapo alishapafagia asubuhi."

Nikaacha kufungua.

"Kila jioni namleta baba mpaka getini," akasema, "halafu namwondoa."

Shemeji alikuwa hashuki kwenye pikipiki kufungua geti. Hilo tulikuwa tukilijua wote na kumtania nalo. Alikuwa akija taratibu, mlio wake unamtangulia, na akifika geti liko wazi, anaingia kama waziri. Dada alikuwa akisema ameolewa akawa mlinzi.

"Ungeiuza," nikasema.

"Mama hataki iuzwe. Hata mimi sitaki. Nataka tu isilie kama yeye. Ndiyo maana nimenunua hivi vitu. Yule aliyeniuzia alisema, ukifunga tu, hata wewe mwenyewe hutaitambua."

"Hakukudanganya. Kilimani hukuitambua."

Akacheka kidogo. Basi kazi yangu siku ile ikajulikana: kuilisha pikipiki mpaka iridhike na pua yake mpya, ili dada yangu akae kwenye kiti chake.

Nikashusha kabureta zote mbili nikaziweka juu ya gazeti. Ndani ya kila moja mna kijiti cha shaba chenye tundu dogo kuliko la sindano ya kushonea. Tunakiita jeti, na ukubwa wa lile tundu ndio kipimo cha mafuta yanayopita injini inapovuta kwa nguvu. Nilitoa zile za zamani nikaweka zenye tundu pana zaidi kidogo. Kibiriti alitaka nibadilishe na sindano zake, zile fimbo nyembamba za kuzuia mafuta, hapohapo, na skrubu za chini, tumalize.

"Kitu kimoja kimoja," nikamwambia.

"Mjomba, sakafu yote ya chumba naiweka kwa muda huu unaofungulia skrubu moja."

"Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja na mgonjwa akapona, utamshukuru nani?"

"Mungu."

"Na asipopona?"

Nikazirudisha kabureta mahali pake. Alipanda akaenda kuijaribu kilimani, na nikawa namsikia kutoka mbali. Ilipanda. Ile mishindo nayo ilipungua. Aliporudi, macho yalikuwa yamechangamka.

"Juu huko ni nzuri. Ila katikati, ukivuta mkono, kwanza inameza mate ndiyo inakwenda."

Alinifurahisha, maana alikuwa amelisema jambo lenyewe vizuri kuliko wateja wangu wengi wanavyolisema. Pale katikati ndipo sindano inapotawala. Ikiinuliwa, mafuta yanaongezeka. Nikaziinua zote mbili kwa vipete vya chuma vyembamba kama kucha. Akaenda, akarudi. Haimezi mate tena. Nikafungulia kidogo skrubu za mafuta ya chini, zile za kuiweka injini hai ikiwa imesimama, na ile mishindo ya bomba ikabaki kikohozi tu. Plagi tulipoitoa ilikuwa rangi ya biskuti. Kibiriti akaishika juu kwenye mwanga kama mtu aliyeokota pete.

Kilichobaki kilikuwa kuzilinganisha kabureta. Pikipiki ile ina silinda mbili, na kila silinda inavuta kwenye kabureta yake. Katikati yao kuna skrubu ndogo inayoziambia zifunguke pamoja. Hapo mimi huwa natumia sikio. Niliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini nikaubana sikioni, nikafumba macho, nikawa naigusa ile skrubu kidogo kidogo, mbele, nyuma, mbele, mpaka moyo wangu ukatulia.

"Hapo," nikasema. "Twende kwa mama yako."

Nilipanda nyuma. Njia nzima injini ilikuwa nzito na laini, bomba jipya likinguruma kwa chini, na nilijisikia vizuri, kwa kweli. Tukakunja kona ya kwa mshona viatu.

Kupitia nondo za geti nilimwona dada yangu akija. Alikuwa ameshavuka ua wote. Mkono wake ulikuwa juu ya komeo. Kisha akatuona sisi, mpwa wangu mbele na mimi nyuma nimemshika mabega kama mtoto, na mkono ukateremka taratibu.

"Nilikuwa naangalia kama mvua itanyesha," akasema.

Mbingu ilikuwa nyeupe kama sahani.

"Haitanyesha, dada."

"Naona. Karibuni."

Kibiriti alizima injini, akatupita akaingia ndani. Dada akaniuliza kwa macho mtoto ana nini. Nikamwambia amechoka. Akaenda kuweka maji ya chai, na alipokuwa jikoni Kibiriti akatoka akanivuta mpaka nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo.

"Mjomba, umenirudishia yuleyule."

"Yuleyule vipi? Bomba jipya, machujio mapya, mlio umekuwa mnene..."

"Mlio umekuwa mnene, ndiyo. Mwendo ni uleule. Ni baba mwenye mafua."

Nilitaka kubisha. Nikaenda nikaiwasha, nikainama, na safari hii sikusikiliza kama fundi. Nilisikiliza kama mtu aliyekaa nyumbani anangoja mtu. Tu-tu, tu. Tu-tu, tu. Silinda ya kushoto ilikuwa inachelewa kidogo nyuma ya mwenzake, kama mtu mwenye mguu unaomsumbua lakini hataki aulizwe.

Nikaizima haraka.

Ile pikipiki ilikuwa ikichechemea tangu shemeji alipoinunua. Mara ya kwanza aliponiletea nilizilinganisha kabureta zake vizuri, ikanyooka, na siku iliyofuata alirudi. Alisema amesimama getini mpaka akaona haya, mke wake hakumjua. "Shemeji, nirudishie kilema changu," aliniambia. "Usije ukanifanya nilale nje." Nikairegeza ile skrubu mpaka akacheka akasema hapo hapo. Tangu siku hiyo, kila alipoileta kwa matengenezo, nilikuwa nairudisha palepale. Mwanzoni nilikuwa najua ninachokifanya. Baadaye mkono ndio ukawa unajua, na sikio likawa linaamini kwamba hapo ndipo sawa. Sasa mwanawe ameniomba nimwondoe, nami nimefumba macho nikamtafuta mpaka nikampata.

Nilimweleza Kibiriti hivyo hivyo. Alinitazama, nikadhani atawaka. Akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kucheka, na cheko likamgeukia katikati ikabidi ajifute kwa shati la mama yake lililokuwa kwenye kamba.

"Kwa hiyo na wewe huwa unasimama," akasema.

"Inaelekea."

Jumamosi iliyofuata alirudi karakana. Nilishatoa bisibisi yangu ndefu. Akaniwekea mkono.

"Sikio lako silitaki tena, Mjomba, samahani. Hilo sikio ni la kwake."

"Sasa tutatumia nini?"

Akafungua mfuko wake wa kazi akatoa mpira mwembamba unaoonekana ndani, ule ambao mafundi ujenzi hutia maji na kuunyoosha toka ukuta huu mpaka ule kutafuta usawa. "Mimi jicho langu siliamini hata siku moja," akasema. "Jicho linasema sakafu imenyooka kwa sababu limechoka kuinama. Maji hayachoki. Huwezi kuzipima hizi kabureta kwa maji?"

Nilikaa nikawaza. Kila kabureta ina kitundu pembeni kinachosikia nguvu ya kuvuta. Mpira ukiunganishwa huku na huku, kilichomo ndani kitakimbilia kwenye kabureta inayovuta zaidi. Zikivuta sawa, kitatulia katikati.

"Kwa maji hapana, yasije yakaingia kwenye injini," nikasema. "Kwa oili inawezekana. Ikimezwa kidogo, haidhuru."

"Basi tia oili. Mpira nitanunua mwingine."

Tukaupinda mpira kama herufi ya U, tukautundika kwenye msumari ukutani, tukatia oili, tukaunganisha ncha. Nilipoiwasha, oili ilipanda upande wa kulia mpaka Kibiriti akapiga ukelele mdogo, "Inakunywa, inakunywa," nikazima. Jirani akachungulia tena.

"Leo ni hospitali?"

"Tumemtundikia dripu," Kibiriti akamwambia.

"Pole yake. Ana watoto?"

Nikawasha tena, mkono kwenye ile skrubu, na sikuitegea sikio. Niliitazama oili tu. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Kila nilipokaribia usawa, kitu ndani yangu kilisema umepita, rudi. Kibiriti alichuchumaa mbele ya ule mpira, kidole chake cha saruji kikiwa kwenye alama, akawa ananiongoza kama anavyowaongoza vibarua wake. "Bado. Bado. Kidogo. Umezidi. Hapo. Usiguse."

Oili ilisimama katikati ikitetemeka.

Mlio ulikuwa umenyooka kama mstari, tututututu, hauna kushoto wala kulia. Ulikuwa mlio mzuri, mteja yeyote angefurahi. Niliona mabega ya Kibiriti yanashuka.

"Hivi ndivyo ilivyotakiwa kuwa siku zote?"

"Siku zote."

"Na ukiirudisha ile skrubu, itachechemea tena?"

"Robo mzunguko, hata haifiki. Nikuachie hivi au nirudishe?"

Alisimama akaweka kiganja juu ya tangi, akakiacha hapo injini ikiwa inaunguruma. "Niachie hivi," akasema. "Ni kwa ajili ya mama. Mimi nitazoea." Nikaifunga skrubu kwa nati yake, kisha nikakaza vifuniko vya vile vitundu.

Nilimwambia anipe nafasi nitangulie kwa miguu. Nilimkuta dada kwenye cherehani yake barazani, anakunja pindo za sketi za shule, pini mdomoni. Nikaketi. Hakuniuliza nimefuata nini. Kwa dada yangu mtu hukaa kwanza. Tukazungumza habari za goti lake na bei ya zipu.

Ikasikika pikipiki kwenye kona. Nilijua ni yeye. Nikautazama mguu wa dada. Uliendelea kukanyaga, kisigino, vidole, kisigino, vidole, na kitambaa kikaendelea kupita chini ya sindano. Pikipiki ikasogea, ikafika, ikazimwa. Dada akakata uzi kwa meno.

Geti likagongwa.

"Nani?"

"Mimi."

Dada akanigeukia. "Mimi nani? Si huyo Kibiriti? Amekuja na nini?"

"Na pikipiki yake."

Alitoa pini mdomoni moja moja akazichomeka kwenye kimto chake. Akaenda akafungua. Mpwa wangu alikuwa amesimama pembeni ya pikipiki kama mtu aliyeleta mgeni asiyejua atapokelewaje. Dada akalitazama bomba jipya, akayatazama machujio, akasema, "Iwashe." Ikawashwa. Akasikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Imepona mguu," akasema.

"Mjomba ameitibu."

"Baba yako angekasirika."

"Nimwambie Mjomba airudishe? Ni skrubu moja tu, mama. Anairudisha sasa hivi."

Dada alinyoosha mkono mwenyewe akazima ufunguo. "Nilikuwa nasimama," akasema.

"Najua."

"Ulikuwa unaniona?"

"Kila siku."

"Hata ile siku ya ufagio?"

"Hata ile siku ya ufagio."

Dada akaguna, nusu ya kucheka. Akampangusa mwanawe vumbi la saruji begani, ambalo halikuwa likipanguka. "Kusimama hakukuwa kunaniuma," akasema. "Nilikuwa nasimama vizuri tu, nina furaha zangu. Kukaa tena ndiko kulikokuwa kunaniuma." Akaendelea kupangusa. "Ila sasa tazama ulichonifanyia. Mwanangu wa kumzaa ameingia mtaani mpaka mlangoni pangu, nimemchukulia mpita njia. Nikakuuliza nani."

"Samahani, mama."

"Samahani haitanisaidia kesho. Ondoka."

"Niondoke?"

"Zunguka kule nyuma ya shule, urudi. Usipige honi. Endesha kama unavyoendesha siku zote."

Kibiriti alinitazama, nikamwonyesha kwa kidevu kwamba aende. Dada akafunga geti kwa komeo, akarudi kwenye kiti chake, akaweka kitambaa chini ya sindano lakini hakukanyaga. Kiganja chake kilikuwa juu ya gurudumu la cherehani, amelizuia.

Ikapita pikipiki ya kwanza. "Huyo," akasema.

"Siye. Huyo amebeba mzigo."

Ya pili ilipokuja alitikisa kichwa mwenyewe kabla sijasema. "Huyo hata breki hana." Tukangoja. Mtoto wa jirani aliburuza kiti cha plastiki. Mahali fulani redio ilizimwa.

Kisha ikaja nyingine toka upande wa shule, imenyooka, nzito kwa chini. Karibu na lile shimo la kwenye kona ikapunguza, halafu ikaongeza mafuta kabla shimo halijaisha. Baba yake alikuwa akilimaliza shimo kwanza, akavuta pumzi, ndiyo anaongeza.

"Huyo ndiye," dada akasema. "Hana subira. Ndivyo anavyokula, kijiko kingine kinaingia cha kwanza hajakimeza." Aliliachia gurudumu, mguu ukarudi kwenye pedali. "Nenda ukamfungulie, wewe. Mimi nina pindo hapa."

Nikaenda. Miaka yote ile sikuwahi kulifungua komeo lile kwa mkono wangu, na ilinichukua muda kujua linavutwa upande gani. Mpwa wangu akawa ananingoja nje, injini ikinguruma sawasawa, na nyuma yangu cherehani ilikuwa imeshaanza.